Mkeka Uliokuja na Mchoro Wake

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Lipangalala hatujambo, mpunga tumeshavuna na mguu wa mama yako umepona. Umeuliza kama ujiunge na hao wageni wanaotaka kuchora ukuta wa shule pamoja na watu wa huko uliko, Masagati.

Nilipokuwa msichana, wageni walituomba wanawake tusuke nao mkeka mkubwa wa maonyesho. "Hii ni kazi yetu sote," walisema, kisha wakatandaza mchoro uliokwisha kukamilika.

Shangazi yangu akauliza, "Kama ni yetu sote, mbona mmeshaamua?"

Yeye akaenda zake; sisi tukasuka, kwa kuona aibu kuwakatalia. Mkeka wakaondoka nao, hatukuuona tena. Na mimi siku ile nilimwona shangazi mkorofi!

Waulize hao wageni wako, ukutani patachorwa nini. Wakijibu upesi, mimi ningekuwa wewe ningebaki nyumbani.

Bibi yako anayekuombea