Si Mimi Niliyempasua Tonton

Bukavu, Kadutu, Jumapili baada ya misa

Papa wangu mpendwa,

Nakuamkia wewe na maman. Mgongo wako unaendeleaje? Maman bado anakohoa? Mimi ni mzima, ila roho haitulii: mara tatu nimeketi kuandika, mara tatu nimesimama nikazunguka nyumba. Namsalimu pia Mwalimu Petro, katekista wetu, anayekusomea barua zangu. Mwalimu, leo usiruke neno, hata likikuchoma.

Papa, mdogo wako Tonton Mulonda atakuwa amekwisha kufika huko Shabunda, anamwonyesha kila mtu kovu lake na kusema mimi ndiye niliyempasua. Si kweli. Mimi ni msaidizi tu hospitalini: naosha vidonda, nachemsha makasi, nafunga bandeji. Ile picha niliyowatumia, koti jeupe ni la daktari. Nililiazima kwa ajili ya mpiga picha. Nilitaka mfurahi. Wewe ukawatangazia watu kanisani kwamba mwanao ni daktari, nami nikanyamaza kwa sababu ilinipendeza.

Sasa sikia. Ngiri ya tonton, ule uvimbe wake wa kinena, ilikaza njiani akija kwangu, akiwa juu ya kamyo, lori la mawese. Penye dispensari moja mwuguzi alimwomba ashuke atazamwe. Tonton mwenyewe alinisimulia: "Nikamujibu, miye sishuki! Mutoto wetu iko docteur kule Bukavu, yeye ndiye atanipasua." Alisafiri siku nzima na maumivu hayo. Alipofika tumbo lilikuwa gumu kama ubao, anatapika, amenishika mkono: "Anza basi, mwana. Unangoja nini?" Nilikimbia mpaka Nguba, mtaa wa Wazungu, kumwita daktari nyumbani kwake, machozi yananitoka mbele yao. Daktari alipasua, mimi nilimpa makasi. Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Kwa uwongo wetu, Papa, tulikaribia kumzika ndugu yako.

Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Nikila nainuka, nikisali nawaza mengine. Juzi daktari akaniuliza, "Kitoga, weye unataka kuchemsha makasi mpaka uzeeke?" Akanieleza habari za chuo kikuu kipya cha Leopoldville, ambako sasa watu weusi nao wanasomea udaktari kamili. Mwaka mmoja wa kujitayarisha, halafu saba ya udaktari wenyewe. Yuko tayari kuniandikia barua ya kunipendekeza. Miaka minane, Papa! Nitarudi na mvi, na pengine nitashindwa mtihani wa kwanza. Lakini naitaka sana, hata aibu ya kushindwa hainizuii.

Mwalimu, hapa vuta pumzi kwanza, kisha usome. Binti yako Wabiwa asiningojee. Nampenda, na kuandika maneno haya kunaniuma. Akija mwanamume mwema, usimkatalie kwa ajili yangu. Nisamehe kwamba ni wewe unayelazimika kuyasoma kwa sauti.

Nisalimie maman, asiache kulamba asali kwa ajili ya kifua. Nisalimie dada mkubwa, aliyenibeba mgongoni, na shemeji fundi wa mbao. Tonton asibebe mzigo wowote mpaka mavuno yaishe.

Papa, neno la mwisho. Daktari aliniuliza kama baba yangu amekubali. Nilimjibu kwamba umekubali. Nakuomba, kubali.

Mwanao ambaye bado si daktari,
Yosefu Kitoga