Punje Tisa Juu ya Kitabu Kisicho na Jalada

Kibondo, Jumapili ya mwisho ya Desemba

Mama,

Leo ni miezi kumi na moja tangu nitoke nyumbani Makere, na mitano tangu tukuzike. Nasema tukuzike, lakini unajua sikuwepo. Nilifika kesho yake, udongo ungali mbichi, majirani wameshaanza kurudi mashambani.

Utanisamehe mwandiko. Tope la matofali limeifanya mikono yangu migumu, na shule yangu unajua iliishia wapi.

Nakuandikia kwa sababu leo ndiyo siku yetu ya kuchagua. Mvua imenyesha tangu asubuhi, tumefunika matofali mabichi kwa nyasi, hakuna kazi. Nimetandika gunia kibandani na kupanga vitabu saba nilivyosoma mwaka huu. Maharage nimemwomba mama anayetupikia. Ameniuliza, "Unataka kupanda humo ndani?" Nimecheka tu. Ningeanzia wapi kumweleza? Kwamba kila mwisho wa mwaka, ukishamaliza kuchambua mbegu, ulikuwa unanyoosha miguu mkekani na kuniambia, "Haya, leta na vyako." Hukujua kusoma hata jina lako, lakini kila kitabu ulikitambua: kile kilichomwagikiwa mawese, kile kilichotafunwa na panya, kile kisicho na jalada. Unaweka punje moja moja juu ya kilichokupendeza. Chenye punje nyingi kinaingia kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo, hakitoki tena. Vingine navirudisha sokoni Kasulu, nabadilishana na vya mwaka mpya.

Na kipimo chako kilikuwa kimoja. "Hawa watu wanakula saa ngapi?" Kitabu kikienda mbali bila mtu kulima wala kuinjika chungu, ulisema aliyeandika ni mwongo.

Basi mwaka huu kuna cha mpelelezi. Nilimsomea Zabroni, kijana wa Kasulu mjini ninayelala naye kibanda kimoja. Alikipenda sana, lakini katikati akanikatiza: "Kaka, huyu jamaa amekimbia siku tatu hajaonja hata muhogo. Huku kwetu angeshaanguka kwenye tope." Niliweka kitabu magotini, Mama. Nilikusikia wewe. Nimekipa punje moja, nayo ni ya Zabroni.

Kuna cha mapenzi, kurasa za mwisho zimechanwa. Zabroni anasema wale wawili waliachana, mimi nasema walioana. Tunabishana hadi leo tukibeba maji. Punje mbili.

Vitatu sivisemi, vilinipa usingizi.

Halafu kuna kitabu chembamba cha kufuga mbuzi. Kina ukurasa mzima wa namna ya kumsaidia mbuzi anayezaa ikiwa kitoto kimekaa vibaya tumboni. Unaosha mikono, unapaka mafuta, unakirudisha taratibu mpaka upate miguu ya mbele. Nilipousoma nilimkumbuka yule wetu mweupe, ulivyoshinda umemshika kichwa kutwa nzima, unamwimbia, mpaka akafa. Tungekuwa na ukurasa ule. Nimekipa punje nne, na ndicho kitakachoingia sandukuni. Najua ungekubali. Wa humo wanakula kutoka ukurasa wa kwanza.

Cha saba si kipya. Ni kile kisicho na jalada ulichokipa punje tisa, ambazo hakuna kitabu kingine kilichowahi kuzipata. Nilikitoa sandukuni siku ile nilipokuta umeshazikwa. Nimevunja sheria yako, na nina jambo la kukwambia.

Kiswahili cha sokoni ulikisikia, cha vitabuni kilikushinda. Kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa macho na kukusimulia kwa Kiha. Ulijua kile tu nilichokwambia mimi. Kitabu kile ni cha mama ambaye mwanawe amekwenda kuchimba migodini. Kila jioni anampakulia chakula chake na kukifunika. Uliacha kuchambua maharage ukawa unanitazama mdomo. Nilipofika mwisho nikasema kijana akaingia mlangoni, akafunua sahani, chakula bado cha moto. Ukaitikia kwa Kiha, "Ego," ndivyo, ukaweka punje zote zilizokuwa kiganjani.

Nilidanganya, Mama. Kitabuni harudi. Mwisho wake yule mama anafunua sahani, anakula mwenyewe kile chakula kikiwa baridi, anaiosha, basi. Niliusoma ukurasa ule nikakutazama ulivyokaa, nikashindwa kuutoa mdomoni.

Sikuona kama ni kosa kubwa, mpaka siku ile ya udongo mbichi. Dada Anjela alinionyesha sahani ya bluu juu ya kinu, imefunikwa. Akaniambia tangu nimeondoka ulikuwa unanipakulia kila jioni. Akikuuliza, unamjibu, "Atarudi. Hata kitabu kimesema." Nilitoka nje nikaenda kusimama migombani. Nilijiona nimekufunga na uongo wangu, ukakaa unasubiri mlango ambao hakuna aliyeuandika.

Anjela akanifuata. Nilimweleza yote. Akasema, "Kwani hujui? Alishausikia mwisho wenyewe." Kumbe ulipoanza kuumwa ulimwagiza akitoe kile kitabu akusomee, upate kukisikia tena. Naye alikusomea kwa Kiha, kama kilivyoandikwa, hajui kama kuna mwisho mwingine. Ukamwambia, "Kaka yako anasoma vizuri kuliko wewe. Kirudishe kwenye sanduku." Na jioni ile ukapakua kama kawaida.

Nimeyabeba maneno hayo miezi mitano, nikikanyaga tope, nikipanga tanuru. Sijui kama ulikuwa unanisamehe au unanicheka. Wiki iliyopita nilimsomea Zabroni kitabu chote, mpaka pale pa kuosha sahani. Akasema, "Kaka, nenda nyumbani." Huyo ndiye anayebishana na mimi kila kitu.

Punje sijakiongezea. Nilichukua moja nikairudisha. Zile tisa zako zinatosha, sasa najua uliupa ule mwisho wetu.

Mama, nimechoka. Mgongo haunyooki tena vizuri, na huku hakuna mtu wa kuniuliza nimesoma nini. Tukimaliza tanuru hili sichukui jingine. Nitalima shamba lako pamoja na Anjela, na nitanunua mbuzi, safari hii nikiwa na ule ukurasa. Nitakuja kaburini na kile kisicho na jalada, nikusomee kwa Kiha, mwisho wa mwandishi kwanza, kisha wetu. Uchague.

Pumzika, Mama. Usinisikilizie mlangoni kila siku, nakutajia siku yenyewe. Mvua ikitulia tunawasha moto Jumatano, na tanuru linahitaji wiki mbili kuwaka na kupoa. Tofali la mwisho likishapakiwa, kesho yake napanda basi la asubuhi la Kasulu, na jioni niko Makere. Nimempigia Anjela simu anipakulie chakula kwenye ile sahani ya bluu. Nikichelewa njiani nitakula hivyo hivyo, hata kikiwa baridi.

Mwanao