Korosho Niachie Pale

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Kisarawe, barazani kwenye nyumba ya wageni, mvua imekatika sasa hivi. Nilimuuliza mama mwenye nyumba, mgeni hapa anafanya nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Mabibo yameiva. Nenda Msimbu ukale."

Nikaenda. Nilimkuta mama mmoja anafagia chini ya mikorosho yake, nikamwomba mabibo. "Kula tu," alisema, wala hakuacha kufagia. Nilikula manne, mekundu, mpaka koo likaanza kuwasha na gauni likaingia madoa ambayo najua hayatatoka. Korosho zake nikazitia mkobani. Hapo ndipo aliposimama.

"Bibo ni la mpita njia, mwanangu. Korosho niachie pale." Akanionyesha shina la mti. Palikuwa na kilundo cha korosho, zimeachwa na watu waliopita asubuhi, yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Nilizirudisha kwa aibu, Baba, halafu nikakukumbuka wewe. Hapo Tabora, kila ukila embe la jirani, unakwenda kwenye shina la mwembe wake, unaweka kokwa. Tumekucheka miaka yote, maana kokwa la embe nani analitaka? Hukuwahi kutueleza, na sisi hatukuwahi kukuuliza huku kwenu ulikozaliwa kukoje.

Najua macho yanakusumbua, Mama akusomee hii taratibu. Maembe yakiiva nitakushika mkono twende kwa jirani. Kokwa langu nitaliweka karibu na lako.

Mwanao, Zuhura