Hakuna wa Kuniinua Kitini

Baba Zaina, mume wangu,

Tangu lori liigonge bodaboda uliyopanda pale Segera, ukienda kuchagua mbao, hakuna aliyegusa randa wala misumeno yako. Meza yangu ndiyo inayofanya kazi. Inafanya kazi kupita kiasi.

Eda ilinikuta katikati ya kuandika ile kamusi ya Kizigua. Watu wakaniambia nipumzike. Nikaona nikipumzika nitasikia jinsi nyumba ilivyo kimya. Basi nikawa nasikiliza sauti za wazee waliorekodiwa huku Handeni, naandika maneno yao tangu asubuhi mpaka jua linazama. Sikuinuka. Ningeinuka niende wapi?

Unakumbuka uliponipima kwa futi kama unayepima mlango? Nimekaa, wewe umepiga magoti, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Ukapunguza miguu ya meza ili viwiko vyangu vitulie, ukainua kompyuta juu ya kisanduku ili shingo isiiname. Halafu jagi la maji ukaliweka mbali makusudi, kule dirishani, nikitaka kunywa sharti nitembee. Nikinuna, unanishika mabega. "Mama Zaina, yamepanda tena. Yashushe. Inuka, njoo uone kabati langu." Kabati lenyewe nimeliona jana yake! Nilikwenda hivyo hivyo, nikilalamika njia nzima.

Dada yako alipokuja msibani kutoka Mkumbara alilihamisha lile jagi, akaliweka karibu na mkono wangu. "Wifi, usihangaike." Alinihurumia. Sikulirudisha.

Mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Nikajiambia ni uchovu. Vidole vya mkono vikafa ganzi, nikaendelea kuandika. Zaina alipokuja akakuta mguu wa moto, ngozi imevutika inang'aa. Akanikimbiza hospitali huko kwake Korogwe, eda au si eda. Daktari akasema damu imeganda mguuni, na ingepanda kwenye mapafu tungekuwa tunasema mengine. Akanipa dawa. Akanitaka nisiketi muda mrefu bila kusimama, nitembee kidogo, nizungushe vifundo vya miguu, nitazame mbali macho yapumzike. Mume wangu, yalikuwa maneno yako, kinywani mwa kijana asiyekujua. Nililia mpaka akadhani amenifokea.

Zaina ametegesha simu yangu iwe inalia kila baada ya saa, ili niinuke. Inalia, naizima. Simu haina kabati la kunionyesha.

Sitakudanganya kwamba nina nafuu. Kuna asubuhi natamani ile damu ingepanda tu. Mungu anisamehe, nimeshaandika.

Jana Zaina aligundua kwamba naizima. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni, akaupakata ule mguu, akasema, "Mama, sijamaliza kumlilia baba. Usinipe msiba mwingine." Akalia. Tangu tukuzike sikuwa nimemwona akilia. Labda alilia. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nimeikodolea macho kompyuta.

Kwa heri, mume wangu. Mungu akupanulie kaburi, akutilie nuru. Siwezi kukuahidi kwamba moyo wangu utapoa. Ila simu ikilia nitasimama, kwa ajili ya Zaina, hata kama nikishasimama sijui nielekee wapi.

Mkeo,
Mama Zaina