Baba, Kesho ni Mtihani na Maksi Zangu Hazitulii

Baba,

Ni mimi, Wakesho. Nakuandikia kwa penseli nyuma ya mtihani wa hesabu wa Mwalimu Wekesa, ule niliopata thelathini na tisa, kwa sababu karatasi nyingine sina na upande huu haukuandikwa kitu. Utaona ina matundu. Nikifika kwenye tundu naruka, nawe ukisoma ruka. Nitakueleza yametoka wapi.

Kesho ndiyo CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Tumeachiliwa saa sita, tukaambiwa twende nyumbani tupumzike na tusishike kitabu. Mwalimu alisema hivyo akicheka, lakini alikuwa ameibana chaki mkononi hadi ikavunjika. Nimekaa nyuma ya jikoni, pale ulipokuwa ukinolea panga. Naogopa, Baba. Sijui kulisema kwa njia nyingine. Uji wa leo niliutapika njiani.

Nianze na habari za nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Lile bati la jikoni ulilosema utalipigilia ukija likizo bado limekaliwa na jiwe. Ndovu walipita shamba la chini mahindi yakiwa yanabeba, wakatuachia mistari michache karibu na nyumba. Mdogo wangu Mwakio amejifunza kupiga mluzi kama wako wa kurudi kutoka kazini. Siku ya kwanza alipoupiga, Mama aliangusha ufagio akatoka nje mbio. Alirudi ndani akaendelea kufagia.

Tangu homa ya mapafu ikuchukue kule kambi ya reli Maktau, na wenzako wakulete nyumbani umeshanyamaza, Mama amekuwa mtu wa maneno machache.

Sasa maksi. Kila Ijumaa Mwalimu hutupa mtihani wa majaribio: hesabu, Kiingereza, na ile karatasi ya tatu ya jiografia, historia na sayansi. Jumatatu husoma matokeo mbele ya darasa zima. Muhula huu hesabu yangu ilianza na sabini na mbili. Wiki iliyofuata thelathini na tisa. Halafu sabini. Halafu arobaini na moja, na Kiingereza nacho kikaifuata hivyo hivyo, juu, chini, juu, chini. Rafiki yangu Mghoi ni hamsini na kitu kila wiki, na huenda shuleni akiimba. Namwonea wivu kweli. Mtu wa hamsini na kitu anajua yeye ni nani.

Mwalimu Wekesa aliniuliza mbele ya wenzangu, "Wewe Wakesho, mimi sikuelewi. Wiki hii uko juu ya mlima Mbololo, wiki ijayo uko chini ya daraja. Siku ya mtihani ni nani atakuja kukaa kwa hiyo dawati?"

Darasa lilicheka. Mimi swali hilo naenda nalo kuchota maji na kurudi nalo. Unajua kilicho mbele yangu: nikipita, nitaitwa sekondari ya bweni kule milimani. Nikianguka, Shangazi ameshanitafutia kazi kwenye shamba la mkonge, na hakuna kurudia darasa.

Nimejaribu kila kitu. Wiki ya sabini na mbili nilikuwa nimevaa sweta lako la kazini, basi nikalivaa tena Ijumaa iliyofuata, jua la Voi likiwa linachoma, nikapata thelathini na tisa huku natiririka jasho. Nilihama dawati. Niliacha uji nikala muhogo. Mghoi akasema penseli yangu ndiyo ina mkosi, tukabadilishana, na yeye akapata hamsini na kitu.

Nyanya hakuuliza habari za sweta. Alinitazama tu, akasema, "Mtoto akipanda akishuka hivyo, kuna moyo wa mtu uko na hasira." Unamjua mama yako. Kwake, hasira iliyonyamaziwa, hata ile ambayo mwenyewe hajui anayo, humtafuta mtoto wa nyumba na kumvuruga. Dawa ni moja, kutasa: mwenye hasira aseme yaliyo moyoni, ajaze kinywa maji au pombe ya miwa, apulize nje, na moyo upoe. Halafu akageuza uso kule ulikolala wewe. "Baba yako alienda bila kusema kitu," akasema.

Toka siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo moja, na leo nakuuliza wewe. Baba, umenikasirikia? Kama ni mimi, nilifanya nini?

Nyanya alitaka tufanye kutasa hapo hapo, akakutana na Mama. Mama ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, na unajua akishika jambo. "Kwa hii nyumba hakuna mtu atatemea mtoto wangu mate," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Lakini wewe ulinipulizia. Unakumbuka ile chai? Nilikuwa darasa la nne, siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka, nimesimama mlangoni nalia kwamba sijui kugawanya. Maji hayakuwa karibu, mkononi ulikuwa na kikombe cha chai ya rangi. Ukaangalia huku na huku kuona kama Mama yuko. "Wakesho, mimi sina neno na wewe. Nenda ukiwa mwepesi." Ukapiga funda, pwaa, ukaninyunyizia kutoka kichwani hadi miguuni. Gauni lote madoa! Mama akatokea na mwiko mkononi, nawe ukakimbilia zizini ukicheka hadi ukakohoa. Nilikwenda shule nanuka sukari, nzi wananisindikiza, na kugawanya kukawa kitu chepesi tu. Safari hii hukunipulizia, na hilo ndilo linalonitisha kuliko hesabu zenyewe.

Wiki iliyopita Mwalimu alinibakiza baada ya masomo. Alikuwa amezitandaza karatasi zangu zote mezani. Akainua moja ya maksi za juu, safi. Akainua hii ninayoandikia, akaiweka dirishani, na mwanga ukapita kwenye matundu. Ni raba, Baba. Nimefuta hadi karatasi ikatoboka. Akaanza kunionyesha kwa kidole: "Hii swali ulikuwa umepata. Ukafuta. Hii pia ulipata. Ukafuta. Hii ulifuta mara mbili, ukarudi kwa ile ya uongo. Nani alikuambia ufute?"

Tunachagua herufi moja kati ya nne, na kuna Ijumaa ambazo mkono wangu ukishachagua, nausikia moyo ukisema umekosea, umekosea, basi nafuta. Ijumaa nyingine moyo umenyamaza, naandika na kusonga mbele. Mwalimu akasema mimi si mtu wa thelathini na tisa, na nisijidanganye pia kwamba ni wa sabini na mbili kila siku. "Ukiacha kufuta wewe ni wa sitini na kitu. Sitini na kitu inatosha." Akaitia raba yangu mfukoni mwake. Leo amenirudishia.

Nilifurahi siku moja tu. Ameniambia maksi zinaanguka kwa sababu ya nini, lakini hajaniambia kwa nini Ijumaa hii nafuta na ile sifuti. Kama sijui, nitajuaje kesho ni Ijumaa ya aina gani? Hapo ndipo maneno ya Nyanya yananirudia, na nageuza uso kama alivyougeuza yeye, nakutazama kule uliko, na

Mama ananiita. Nitarudi.

Baba, nimerudi. Ngoja nikwambie.

Mama alikuwa ameipiga pasi sare yangu, akataka niivae aone kama imekuwa fupi. Nyanya alikuwa karibu na mafiga anachambua mboga. Mama akakaa kwenye kile kigoda chako na kikombe cha chai, akaangalia chini akaanza kusema. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mimi ndiye niko na hasira. Usimsingizie baba yako."

Nyanya aliacha mboga.

"Kila Alhamisi kwa mkutano wa akina mama, ukiwa umepata maksi ya juu, wananipea hongera. Mama Wakesho, mtoto anapaa, anaenda kukuacha. Nacheka na wao. Halafu Ijumaa asubuhi siwezi kukuangalia kwa macho."

Baba, zile Ijumaa zikanijia zote kwa pamoja. Kuna Ijumaa Mama hunifunga kola, hunipa uji na kuniambia nenda salama. Na kuna Ijumaa hugonga sufuria, hunipa mgongo, naondoka bila neno. Nilidhani kuna kitu nimemkosea. Nilikwenda darasani nikitafuta kosa langu, na mtu akiingia kwenye mtihani akitafuta kosa, analiona kwenye kila jibu. Nikianguka, Alhamisi hakuna hongera, na Ijumaa Mama ni Mama. Napanda. Nikipanda, hongera zinarudi. Isipokuwa wiki moja niliyofanya mtihani nikiwa na malaria, hiyo ilikuwa malaria tu.

"Baba yako ameenda hajaniaga," akasema. "Na wewe ukipita unaenda. Mimi nitabaki hapa na ndovu."

Mwakio akasema na yeye yupo. Hakuna aliyemsikiliza, maskini.

"Naogopa utapita," Mama akasema. "Mungu anisamehe. Niko mama yako na naogopa utapita."

Miezi yote hii nimekuwa nikilala kwa hofu ya kuanguka, na upande wa pili wa ukuta yeye amelala kwa hofu kwamba nitapita. Nililia. Yeye hakulia. Aliinuka, akaja karibu kabisa, akasema, "Wakesho, mimi sina neno na wewe. Nenda ukiwa mwepesi."

Ni maneno yako, Baba, neno kwa neno. Kumbe siku ile alikuwa nyuma ya mlango na mwiko wake, akakuacha umalize ndipo akatokea. Akapiga funda la chai, Mama yule yule wa kanisa, akanipulizia usoni, kifuani, kwenye sare aliyoipiga pasi muda huo huo. Alipuliza vibaya, nyingine ikammwagikia kidevuni. Nyanya akasema, "Kwa mtu wa kwaya umejaribu." Mama akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ulipoondoka.

Halafu akayaona madoa, akanyoosha mkono kuchukua sabuni. Nikaishika sare kwa mikono miwili nikamwambia aiache. Alinitazama, akairudisha sabuni mahali pake.

Nisamehe, Baba, kwa kukudhania. Usidhani hofu imekwisha, ipo, na sijui uji wa kesho kama utakaa. Lakini hofu ya leo asubuhi ilikuwa ya watu wote, wewe, Mama, Nyanya, shamba la mkonge. Hii ya sasa ni ya mtihani. Nadhani hii naweza kuibeba hadi kwenye dawati.

Nakuahidi mawili. Kesho nikishachagua herufi, raba itakaa mfukoni, hata moyo useme nini. Na nikiitwa huko milimani, kila likizo nitarudi kupiga debe shambani na Mama kuwafukuza ndovu, wasimkute peke yake. Hilo nimemwahidi na yeye, akasema tuone kwanza, lakini alikuwa anatabasamu.

Jua linashuka na natakiwa kuchota maji. Pumzika, Baba. Ukisikia mluzi asubuhi, ni Mwakio, wala si mtu anayekuita kazini, kwa hiyo usiamke. Mimi nitapita pale kwako nikienda, nikiwa nanuka chai, na sitasimama maana nitachelewa.

Nimeisoma barua hii tangu juu. Kuna maneno nimeyaandika vibaya, na kuna mahali nimekuuliza jambo ambalo nisingekuuliza sasa. Raba ninayo hapa. Sijafuta.

Mtoto wako,
Wakesho