Mwalimu Anataka Nikate Kikohozi cha Baba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana ndiyo siku ya kukabidhi mtihani wangu wa mwisho.

Nasomea utangazaji katika chuo kidogo cha jamii hapa mjini, ghorofani juu ya duka la vitenge, na baba yangu Jackton alikuwa mtunza bustani kule Lavington tangu sijazaliwa, na tulipokuwa wadogo hapa Kangemi mama alikuwa anaanika betri za redio juani zipate nguvu, jioni baba akirudi anaondoa kile kitambaa cha kufumwa juu ya redio, na matangazo ya vifo yakianza hakuna mtoto kukohoa, hata ugali ulingoja, halafu mimi nashika mwiko namwiga mtangazaji, baba anacheka hadi machozi, anasema, "Changu kitatangazwa na huyu." Aki natamani hizo jioni zirudi.

Basi tukaambiwa turekodi mtu wa nyumbani kwa mtihani wa mwisho, nikamrekodi baba akisimulia alivyonunua ile redio, na baba alikuwa mtu wa polepole, anaanza neno, ananyamaza, anakohoa, mama kwa nyuma anasema, "Baba Ivyne, chai inapoa," naye anajibu, "Ebu ngoja, niko hewani!" kisha anacheka. Haukupita muda akaugua kifua akatuacha, tukamzika kwao Siaya, na tangazo lake likasomwa redioni na mtu nisiyemjua.

Sasa Mwalimu Njuguna amesikiliza akasema pole sana Ivyne, kazi ni nzuri, lakini kata kikohozi, kata mambo ya chai, kata kimya chote, kimya redioni ni kifo, ibaki dakika tatu. Kila siku nikikaa kwa kompyuta namsikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha naifunga bila kukata kitu. Nisipokata sihitimu, na baba alishawaambia majirani wote kuwa mimi ni mtangazaji, nikikata naona namzika mara ya pili, na mama hata hajui sauti hiyo ipo, naogopa kumwambia. Niache masomo?

Ivyne, Kangemi

Ivyne mwanangu, pole. Pole tena. Sisi betri zetu tulizianika juu ya bati huko Kikuyu, na barua yako imenirudisha jikoni kwa mama yangu nikasahau kazi.

Sasa nikugombeze. Kwani huko chuoni hamfundishwi kunakili? Rekodi ya asili haiguswi! Leo hii weka nakala kwa simu, nyingine kwa flashi, nyingine mpe mtu unayemwamini. Mkasi uingie kwa nakala peke yake.

Lakini hilo ulilijua, usinidanganye. Hii ndiyo kazi ya mwisho unayofanya na baba yako, na ukiimaliza hutakuwa na sababu ya kuketi naye kila siku. Nakuelewa, mwanangu, inauma. Ila mzee alishakutangaza kwa majirani, na wewe unataka kumfanya mwongo akiwa kaburini? Masomo huachi.

Na mama yako! Hapo umenikasirisha kabisa. Mjane wa watu, na wewe umeweka sauti ya mumewe mfukoni kama peremende? Nenda nyumbani leo, chemsha chai, mwambie kwanza ni nini atasikia asije akashtuka, kisha mpe yote, na vikohozi vyake. Akilia, mwache alie. Akitaka tena, rudia hadi chai ipoe.

Ukitoka hapo, ingia kazini. Kata kikohozi. Kata kimya. Ile chai usiiguse, na mwalimu akiuliza mwambie mimi, Mwihaki wa gazetini, nimekataa. Mke akimwita mumewe chai inapoa, hiyo ndiyo redio yenyewe. Akikupunguzia maksi, punguziwa.

Kisha acha nafasi kidogo mwishoni, uingie wewe, kwa sauti ile ya mwiko: Jackton wa Siaya na Kangemi, mtunza bustani, mume wa mama yako, baba yako wewe, ametuacha. Alishasema nani atatangaza. Futa machozi, safisha koo, uanze.