Hafsa, Acha Kukamua

Makorora,
Tanga.
14 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Hafsa,

Asalaam alaykum. Shikamoo yako uliyoituma kwa Bi Ghanima nimeipokea, marahaba. Natumai barua hii itakukuta na nafuu, lile titi la kushoto limepoa na homa imekwisha. Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mama mguu unamsumbua, shemeji yako Kombo yuko bandarini na kazi zake, Tahiri anatembea na kuvunja vyombo. Mwanao Najat ni mzima, anakula na anacheza. Hilo nimelitanguliza makusudi, usije ukasoma yanayofuata roho mkononi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako hushikwa na bibi unayemfanyia kazi, na ujumbe wa sauti ninaokutumia husikilizwa na wengine kabla yako. Bi Ghanima alikuja kumzika dada yake, na Ijumaa anarudi Maskati. Ameniapia kwamba atakutia barua hii mkononi. Ukimaliza kuisoma ichane, maana nimetaja mtoto humu, na wewe ulimwambia wakala wako kwamba hujazaa.

Umeniuliza uendelee kukamua maziwa mpaka lini. Bi Ghanima amenieleza unavyofanya. Unajifungia bafuni, unafungua bomba wasikusikie, unakamua kwa mkono, kisha unayamwaga kwenye sinki. Amenieleza pia siku uliyowapelekea wageni kahawa, gauni likalowa kifuani, nawe ukasingizia maji. Nilicheka, nisikufiche. Halafu nikaenda uani nikalia. Najua unataka maziwa yasikauke, ili ukipewa likizo uje umkute mwanao bado ananyonya. Nitakujibu, lakini kwanza ujue yaliyompata, maana tulikwambia alikuwa na homa kidogo tu. Tulikudanganya.

Unazikumbuka zile chupa ulizotuachia Kigombe. Kwa Mama hakuna jokofu, tukamwomba Badru atuwekee kwenye friza lake la samaki. Sote tuliona tumepata akili, na mimi mwenyewe ndiye niliyezifunga kwenye mifuko. Ulipoondoka, Mama akawa anakwenda asubuhi kuchukua chupa, anaiweka kwenye maji ya moto, anampa mtoto. Mtoto akinusa tu anageuza uso. Maziwa yalikuwa yananuka samaki, Hafsa. Mama akadhani anakulilia wewe, atazoea. Alikuahidi kwamba mjukuu hataonja kitu kingine mpaka chupa zako ziishe, na unamjua Mama akishaahidi.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Badru akahangaika kuwatafutia samaki wake barafu, chupa akazisahau. Maziwa yakayeyuka, umeme uliporudi yakaganda upya, na Mama hakuambiwa. Sasa hapo mtoto alikuwa na njaa ya kweli, na ndipo alipokubali kuyanywa.

Aliharisha mpaka utosi ukabonyea. Nilipigiwa simu nikiwa kazini, nikawakuta hospitali, Mama kamfunga mtoto kifuani hataki kumwachia mtu. Macho yalikuwa yameingia ndani na hata sauti ya kulia hana. Muuguzi mmoja, Dorkasi, alitafuta mshipa wa dripu mikononi, akatafuta miguuni, akaja kuupata kichwani. Niliogopa sana. Nilikuwa nikiwaza nitakwambiaje.

Kesho yake akaanza kulia kidogo. Dorkasi akaniuliza mama yake yuko wapi, nikamwambia yuko safarini. Akanitazama kifuani. Nilikuwa nimelowa, maana sikuwa nimerudi nyumbani kumnyonyesha Tahiri tangu jana yake. Akaniuliza, "Na hayo unamwekea nani?" Nikampakata Najat, nikampa ziwa. Alilishika palepale.

Najua uliniusia. Siku ya safari uliniambia, "Dada, asinyonye kwa mtu, asije akanisahau." Nililikumbuka neno hilo nikiwa nafungua vifungo, na nikavifungua hivyo hivyo. Sikuombi radhi. Ukitaka kuninunia, ninunie.

Kombo alikwenda kumuuliza imamu wetu. Jibu likawa kwamba mtoto amekwisha kunyonya na kushiba mara zaidi ya zinazotakiwa, kwa hiyo Najat ni mwanangu wa kunyonya, Kombo ni baba yake, na Tahiri ni kaka yake. Yale maneno yetu ya kuwaozesha watoto hawa wakikua, uzao wa Mama usitoke nje, ndiyo basi tena. Mama aliposikia alijifunika kanga usoni. Mkufu wake wa fedha alikuwa ameshauweka wa harusi hiyo.

Nilidhani nitawamudu wote wawili. Nilirudi kazini kule shuleni Raskazone, nikanunua pampu ya mkono, mwalimu mkuu akaniruhusu kukamulia kwenye stoo ya madaftari. Mlango wake hauna kitasa, naubana kwa mgongo. Natulia, maziwa yanaanza kushuka, mara mtu anagonga anataka chaki, na yanakata hapo hapo. Ziko siku mapumziko yote yanakwisha nami nimepata ya kulowesha kitako cha chupa tu. Nikirudi nyumbani wananigombania, mmoja huku na mwingine huku, na hakuna anayeshiba. Najat akawa haongezeki uzito. Kliniki wakasema Tahiri keshakuwa wa kula chakula cha watu wazima, lakini huyu mdogo bado anayahitaji sana maziwa. Nikamwachisha Tahiri.

Nilikuwa nimenuia kumnyonyesha mwanangu miaka miwili kamili, kama tulivyofundishwa. Hakufika hata mwaka na nusu. Nilipaka shubiri. Aliionja akanitazama, akaonja tena, hakuamini kwamba uchungu ule unatoka kwangu. Kisha naingia chumbani, nanawa, namnyonyesha mwanao, na mwanangu yuko nje anaupiga mlango kwa viganja. Siku zile nilikuchukia, Hafsa. Nilikuchukia kabisa, nikasema kama asingekwenda huko yote haya yasingekuwa. Sasa chuki imekwisha, lakini Tahiri hataki tena kulala na mimi. Analala na Mama, aliyehamia kwetu tangu ugonjwa ule.

Jibu langu basi ni hili: acha kukamua. Likizo hupati. Bi Ghanima anasema wasichana wote wa nyumba ile walikaa mpaka mkataba ulipokwisha. Utakaporudi, Najat atakuwa ameshapita umri wa kunyonya. Unaumwa kwa ajili ya maziwa yanayokwenda kwenye sinki. Safari hii titi limevimba ukajikaza ukapona. Likija kutunga usaha utapelekwa kwa daktari, na daktari atajua una mtoto, na watajua wote.

Ila usiache ghafla. Wala usijifunge kanga kifuani ukaikaza kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu, itakuzidishia maumivu. Ruka mara moja kwa siku, ukizoea ruka na nyingine. Likikuuma sana kamua kidogo tu upate nafuu, usilimalize. Weka kitambaa cha maji baridi. Utalia, na wala si dalili ya ugonjwa. Mimi nililia siku ya kumwachisha Tahiri na mtoto yupo mbele yangu, sembuse wewe.

Mama usimlaumu. Tangu siku ile hali samaki, mtu wa Kigombe yule, na akitengewa anasukuma sahani. Ukimpigia simu zungumza naye mambo mengine.

Liko jambo nililotaka kukuficha nikashindwa. Najat amesema "mama". Nilikusudia kukuandikia kwamba alimwita bibi yake. Aliniita mimi. Nikachukua simu nikamwonyesha picha yako, nikamwambia mama ndiye huyu. Akainyakua akaitia mdomoni. Namwonyesha kila siku hata hivyo.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila baada ya swala. Kombo anakusalimu, anasema Najat ni binti yake sasa, kwa hiyo usije na mahari mawazoni. Badru naye anakusalimu kutoka Kigombe. Bado anaona haya kutukabili, na nimemwambia hana kosa la peke yake. Mshukuru Bi Ghanima kwa wema wake. Mwenyezi Mungu akuhifadhi katika nyumba ya watu, akupe afya, na akurudishe kwetu salama.

Sasa nikwambie nilichokusudia, tusije tukabishana baadaye. Nitamnyonyesha Najat mpaka atimize miaka miwili. Siku hiyo ikifika nitapaka shubiri mimi mwenyewe, sitakungoja, ingawa utakuwa umebakiza miezi michache tu. Atalia, atanipiga, ataupiga mlango kama alivyoupiga mwenzake. Acha anichukie mimi. Nataka ukifika akukute wewe, ambaye hujawahi kumnyima kitu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Semeni